Chokaa ya Babu

Nyuma ya nyumba ya bibi, huku Bwiru, mawe yamepandiana kama ilivyo desturi ya Mwanza, na kati yake kuna kichaka ambacho tangu nizaliwe sijaona mtu akiingia. Oktoba iliyopita bibi akanitamkia, kama aliyekumbuka sufuria jikoni: "Humo mna groto ya babu yako, pango la kusalia. Aliijengea Bikira Maria, kama ile ya Lourdes, Ufaransa, alikotokea Mama huyo mwaka 1858."

Nikashika panga siku hiyohiyo. Minyaa ikanirushia utomvu jichoni, nikashinda na jicho moja.

Siku ya pili pango likafunguka: sanamu isiyo na pua, vipande vya mshumaa, na ukuta wa mwamba uliotiririkwa weupe toka juu hadi chini. Chokaa! Nikakwangua kwa ukucha, nikagusisha ulimi. Chumvichumvi. "Chokaa ya zamani hii," nikamtangazia fundi, "siku hizi haipatikani."

Fundi akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Bosi, tusugue?"

"Ukiigusa hiyo sikulipi!"

Akanyamaza. Nilidhani ni utii, kumbe mtu anasubiri sinema.

Tukaziba nyufa, sanamu ikapata pua ya saruji (kubwa kidogo, nakiri), nami nikaalika jumuiya nzima kusali Rozari. Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ikanyesha.

Fumbo la kwanza la Rozari lilipita salama. La pili, jua likapiga mwamba uliolowa, harufu ikapanda. Akina mama wakavuta khanga puani. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, hapa ni chooni?"

Mzee mwenyekiti akanyoosha kidole juu. Pimbi watano, wale wanyama wadogo wa majabalini, walikuwa wamejipanga jiweni kama kwaya, wakitutazama. "Kijana wangu, hiyo siyo chokaa. Pimbi wana choo kimoja, babu mpaka mjukuu. Mkojo wao ukikauka mweupe, unaganda hivyo miaka na miaka."

Kimya. Kisha bibi, ambaye masikio yamechoka na hivyo husema kwa sauti ya mnadani: "Si wewe uliyesema umeionja?"

Fumbo la tatu halikusalika.

Jumatatu fundi alikuja na brashi na ndoo ya sabuni bila kuitwa. Akataka elfu kumi ya nyongeza.

"Si tulishapatana?"

"Tulipatana groto, bosi. Hii ni kazi ya choo."