Reale ya Mzinga Nyuma ya Mashine ya Kopi

Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu maktaba ya mji wetu mdogo, hapa jimbo la Connecticut, kurudisha vitabu vilivyopitiliza siku. Tukakuta ukumbi wa chini umepambwa kwa maonyesho: washirika wa kigeni katika vita vya uhuru vya Marekani. Mwaka huu wa 2026 nchi inatimiza miaka 250, kwa hiyo kofia za pembe tatu zimejaa kila mahali, hadi dirishani kwa muuza mikate.

Mlangoni unapokewa na Lafayette, Mfaransa. Picha yake ni kubwa kuliko mtu, upanga kiunoni, mashavu ya kitoto. Na kweli alikuwa kijana mbichi: alikuwa na miaka 19 alipotua South Carolina mwezi Juni 1777, kwa merikebu aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe. Anayefuata ni von Steuben, Mprusi aliyewafundisha kwata askari wa Washington kambini kule Valley Forge wakati hajui Kiingereza. Akiishiwa matusi ya Kijerumani na Kifaransa alimwomba msaidizi wake amsaidie kuwatukana kwa Kiingereza. Halafu Wapolandi wawili: Kosciuszko, fundi wa ngome, na Pulaski, mpanda farasi. Binti yangu alisimama kwa Pulaski muda mrefu, kwa ajili ya farasi.

Ni kazi nzuri, na maktaba yenyewe ni ndogo. Mama mkutubi ameandika maelezo yote mwenyewe, na mabango kayapiga pasi. Lakini tulipofika kona ya nyuma, kati ya mashine ya kopi na mlango wa choo, nikaona kabati dogo la kioo lenye sarafu moja ya fedha. Nikainama. Nguzo mbili, kila moja imezungushiwa utepe. Kibandiko chini yake: "Sarafu ya Kihispania, karne ya 18." Basi, imeishia hapo.

Nilicheka peke yangu. Sarafu hii naijua! Wazee wa pwani waliifanyia biashara miaka mingi. Walipozitazama zile nguzo waliona mizinga ya vita, wakaiita reale ya mzinga, wapate kuitofautisha na reale ya Sham, ile ya malkia Maria Theresa wa Austria. Nilimweleza binti yangu. Akabandika pua kwenye kioo: "Baba, mzinga uko wapi?"

Sasa, kwa maoni yangu, reale hii ndiyo ilipaswa kusimama mlangoni, Lafayette akae pembeni na mashine ya kopi.

Mwaka 1781 jeshi la Wafaransa chini ya Rochambeau, lililokuwa limetua Newport mwaka uliotangulia, lilipita katika jimbo hili kwa miguu, kisha likaungana na Washington na kuteremka kusini hadi Virginia. Njiani askari wa Kimarekani kutoka majimbo ya kaskazini walianza kunung'unika. Walikuwa hawajalipwa miezi mingi, na noti za karatasi za serikali yao hazinunui hata kiatu. Wakataka mshahara wa mwezi mmoja, na uwe fedha inayolia ukiigonga. Washington hakuwa nayo. Ikabidi ikopwe kwenye sanduku la Rochambeau, naye Rochambeau alithubutu kukopesha kwa sababu alijua sanduku lake litajazwa tena. Admirali Mfaransa de Grasse, kabla ya kupandisha tanga kuja Amerika, alituma watu Havana, mji wa Kuba uliokuwa chini ya Hispania, na huko zikachangwa peso 500,000. Peso hizo ndizo reale zetu za mzinga.

De Grasse akaja na reale na askari 3,000 na zaidi aliowachukua Saint-Domingue, koloni la Wafaransa huko Karibiani. Tarehe 5 Septemba manowari zake zikapambana na za Waingereza kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake na kuzirudisha nyuma. Katika vita hiyo ya baharini hapakuwa na manowari hata moja ya Kimarekani. Cornwallis, jenerali wa Waingereza, akabaki Yorktown kule Virginia, mbele nchi kavu imezibwa, nyuma bahari imezibwa, na tarehe 19 Oktoba jeshi lake likaweka silaha chini. Ukijumlisha wa majini na wa nchi kavu, Wafaransa pale walikuwa wengi kuliko wenye vita.

Mshirika, basi, si kijana mwenye upanga tu. Ni baruti, ni unga, ni mtu wa kukukopesha. Na kila mkopeshaji ana hesabu zake. Mfalme wa Ufaransa hakuwa mpenda jamhuri. Alikuwa na kisasi cha vita ambavyo Ufaransa ilishindwa na Waingereza, vilivyokwisha mwaka 1763. Hispania iliingia vitani mwaka 1779 kama mshirika wa Ufaransa, wala haikutia saini mkataba wa muungano na Wamarekani, maana nayo ilikuwa na makoloni yake na haikutaka yajifunze tabia. Bango la maktaba linasema "walikuja kwa kupenda uhuru". Kosciuszko sawa, namkubali: aliacha wosia mali yake ya Marekani itumike kuwakomboa watumwa, akamkabidhi Jefferson, yule aliyeandika Tangazo la Uhuru, na Jefferson alipofika wakati wa kuutekeleza akajitoa. Lakini wafalme?

Kitu kingine kilichoniuma ni kukosa watu wa Saint-Domingue. Mwaka 1779 Wafaransa na Wamarekani walijaribu kuikomboa Savannah kutoka kwa Waingereza. Katika jeshi lile walikuwamo wanaume huru zaidi ya 500, weusi na machotara, waliotoka koloni hilo ambalo leo ni Haiti. Shambulio la tarehe 9 Oktoba lilishindwa vibaya, na ndipo Pulaski alipopata jeraha lililomuua. Mjini Savannah wanaume hao wa Saint-Domingue wana sanamu yao katika uwanja wa Franklin. Katika maktaba yetu Pulaski amepewa bango zima pamoja na farasi wake, wao hawana hata mstari. Haiti ilipojitangazia uhuru tarehe 1 Januari 1804, Marekani, iliyokuwa imesaidiwa na damu ya watu hao, ilikaa hadi 1862 ndipo ikaitambua. Miaka 58! Na taifa la Oneida, wenyeji asilia wa Amerika, waliopigana upande wa Wamarekani pale Oriskany mwaka 1777 dhidi ya ndugu zao wa mataifa ya Iroquois, walipewa ahadi za ardhi, kisha ardhi ikaliwa kipande kwa kipande.

Pengine nina uchungu kwa sababu mimi nimetokea upande wa pili wa kabati. Kwetu ni Mtwara. Vita vya uhuru vya Msumbiji vilipigwa ng'ambo ya Ruvuma, lakini FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji walifunzwa Nachingwea, na kiongozi wake Mondlane aliuawa Dar kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu, Februari 1969. Washirika tulikuwa sisi. Bibi yangu hakuvaa upanga. Alikuwa na shamba la mihogo, na watu waliovuka mto usiku walikula mihogo ile. Alipokuwa akisimulia hakutaja uhuru hata mara moja, alitaja sufuria. Sufuria yake moja kubwa ilikwenda na wageni na haikurudi, na alipofika miaka themanini bado alikuwa anaikumbuka kwa ukubwa na kwa mpini uliolegea.

Ningependa maonyesho yenye sufuria. Najua nitaambiwa watoto wanataka farasi, nafasi ni ndogo, hii ni maktaba ya mtaa. Sawa, lakini kuna sarafu tayari, ipo pale, inadaiwa maneno tu. Mtoto aliyeuliza mzinga uko wapi alikuwa tayari kusikiliza habari za Havana kwa dakika kumi nzima, na huyo ni mtoto asiyenisikiliza nikimwambia avae soksi.

Kabla ya kuondoka nilimfuata mama mkutubi, nikalipa faini ya vitabu, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri. Akasema kabati halisogezeki, ni zito na sakafu imepinda, lakini kibandiko kinaweza kubadilishwa. Nimwandikie, kisizidi mistari mitano. Nimekaa nacho tangu jana usiku. Mstari wa kwanza unasema: "Fedha kama hii, vipande nusu milioni, ilitoka Havana Agosti 1781." Wa pili ni wa wale wa Savannah. Mitatu iliyobaki bado nabishana nayo.