Mwacheni Atembee

Jumamosi alfajiri pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, jua hata halijachomoza vizuri, kuna kikundi cha tizi, wale wa tisheti za rangi moja na kocha wao na filimbi shingoni. Nyuma kabisa dada mmoja, dera juu ya traki, anahema, kaamua atembee kidogo. Kocha huyo! "We mama, hapa si Marikiti! Kimbia!" Watu wakaangua kicheko. Dada wa watu akakimbia huku anachechemea, kila wakisimama mkono unaenda ugokoni, na kocha kampa na dawa kabisa: ajichue na mafuta ya moto, akomae, ukiona waumia jua tizi yaingia.

Yaingia wapi, bwana?

Mie wallahi ilinikera siku nzima. Kwa sababu hawa ndio wanaofanya watu waanze mbio Januari na kufika Machi raba zishakuwa za kuendea dukani.

Yale maumivu ya ugoko, upande wa ndani wa mfupa kuteremka kuelekea kifundo, hayaji kwa uvivu, yanakuja kwa kufanya mengi haraka haraka. Moyo na mapafu huzoea upesi, wiki chache tu ushaona pumzi yatosha, kile kilima cha kutoka feri hakikuui tena, wajiona umeiva. Mfupa hauna haraka hiyo. Ukigongwagongwa na lami, mwili kwanza unakwangua mfupa wa zamani halafu ndio unajenga mpya, na huko kujenga ni miezi, mitatu minne, si wiki. Sasa kuna kipindi hapo kati ambapo pumzi yakwambia twende, na mfupa ndio kwanza fundi kabomoa ukuta hajarudi na simiti. Na ni hapo hapo ndipo mtu anapopuliziwa filimbi aongeze mwendo.

Ndio maana anayeanza hutakiwa atembee. Si aibu, si kutega, hiyo ndiyo tizi yenyewe. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mpaka nusu saa iishe, siku 3 kwa wiki na usizifuatanishe, wiki ikipita miguu haikulalamika ndio unaongeza kidogo. Na huko kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao unaweza kumpa mwenzio habari zote za harusi ya jana, nani kavaa nini na biriani ilipungua vipi, ukiona sentensi zakatika basi punguza. Hatua fupi fupi, mguu utue chini yako, usiutupe mbele. Hata hao wakimbiaji mabingwa wa Iten tunaowatumia kutishia watu, siku zao za mbio nyepesi wanaanza taratibu mpaka utadhani wameamka vibaya, lakini mtu wa Majengo aliyekesha na mtoto mchanga ndiye anatakiwa atoke kama risasi.

Na joto letu tumelisahau? Mwaka 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa hapa, Mombasa Golf Club, pua na mdomo na hapo filimbi inapolia, na Kenenisa Bekele, mtu aliyekuwa ameshinda mbio ile ndefu miaka 5 mfululizo, alijitoa njiani, joto na unyevu vilimtoa. Bekele huyo! Basi dada wa dera akitembea hatua ishirini mwamcheka nini?

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Kikundi humtoa mtu kitandani, na mwanamke kuwa njiani saa kumi na moja na wenzake ni salama kuliko peke yake. Pengine bila yule kocha dada angekuwa kwao amelala. Sawa. Asanteni kwa tisheti.

Raba nazo, ukienda sokoni Kongowea usiangalie rangi na jina, bonyeza soli kwa kidole gumba, kama ngumu kama ubao hiyo ishakufa, iache hapo hata kama ni mia tatu. Kunyoosha misuli fanya ukipenda, mie nasema bora usimame ukingoni mwa ngazi uinue visigino pole pole, mashavu ya miguu yapate nguvu.

Lakini hapa tuache mzaha kidogo. Ukibonyeza ugoko na uchungu uko pahali pamoja tu, pa kidole kimoja, na wauma hata umelala usiku, hiyo si ya kuchua. Simamisha mbio, nenda hospitali, na ujue eksirei ya mapema yaweza isionyeshe ufa wa mfupa, kwa hivyo ukiambiwa picha safi na bado waumia usikimbilie kurudi barabarani, rudi kwa daktari.

Na nyinyi wa Nyali mnaoniambia mchanga ndio dawa: mchanga mkavu unavuta kisigino na shavu la mguu vibaya sana kwa asiyezoea. Ngojeni maji yapwe, mkimbie pale palipo papana na pagumu, na kwa vile ufuo umeinama upande mmoja mrudi njia ile ile mliyoendea, ili mguu mmoja usibebe mzigo wote. Ngamia wakipita, wapisheni, wao wana kazi.