Ramani Moja, Macho Hayalingani

Kuna ramani inasambaa mtandaoni, ile inayoonyesha vimbunga vyote vilivyo hai duniani kwa wakati mmoja. Kila kimbunga kina duara lake la rangi na kasi yake ya upepo. Nilisoma maoni chini yake hadi nikakasirika: watu wanapanga vimbunga kama timu za ligi, cha Atlantiki kinaongoza, cha Bahari ya Hindi "hakina makali".

Jamani, namba zile hazikupimwa kwa kipimo kimoja! Kituo cha utabiri wa vimbunga cha Miami, Marekani, kinatoa wastani wa upepo wa dakika 1. Vituo vya Tokyo na Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi, vinatoa wa dakika 10, cha New Delhi wa dakika 3. Upepo hauvumi kwa nguvu moja muda wote, na kadiri unavyoupima kwa muda mrefu ndivyo wastani wake wa juu unavyoshuka. Kimbunga ambacho Miami wangekiandikia kilomita 200 kwa saa, Réunion wangekiandikia karibu 180, na ni kimbunga kile kile. Hilo linarekebishika kwa hesabu, basi tuliache.

Linaloniuma ni namba yenyewe inavyopatikana. Kwenye Atlantiki, Wamarekani wanarusha ndege hadi ndani ya jicho la kimbunga. Wanadondosha vipima-hewa vidogo vyenye mwavuli, na kila kimoja kinatuma habari za mgandamizo wa hewa, joto, unyevu na upepo hadi kinapogusa maji. Magharibi mwa Pasifiki, safari zao za kawaida za namna hiyo zilisitishwa mwaka 1987. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi utaratibu huo haupo. Huko mtaalamu anaketi mbele ya picha za setilaiti, anatazama mawingu yamejiviringisha kiasi gani, jicho limejitokeza vipi, vilele vya mawingu vina baridi gani, kisha anakadiria. Mbinu hiyo aliibuni Vernon Dvorak miaka ya 1970, na nakiri imeokoa watu wengi mno. Lakini ni makadirio, na kwenye ramani yanawekwa kando ya vipimo vya ndege bila alama yoyote ya kuvitofautisha.

Anayedhani tofauti hiyo ni ndogo akikumbuke kimbunga Otis. Oktoba 2023 kilikuwa kikielekea Acapulco, Mexico, na utabiri haukukiona kama tishio kubwa. Alasiri ya tarehe 24 ndege ikaingia na kukuta kimbunga chenye nguvu kuliko picha za setilaiti zilivyoonyesha. Usiku ule ule kiliupiga mji kikiwa daraja la 5, la juu kabisa. Onyo lilichelewa, sawa, na modeli za kompyuta za utabiri karibu zote zilikwama. Ila bila ndege ile, hata zile saa chache za mwisho watu wasingezipata. Sasa niambie, kimbunga cha namna hiyo kikikua ghafla mahali ambapo hakuna ndege inayokwenda, nani atajua kabla ya mapaa kung'oka?

Najua ndege ni ghali na bahari ni kubwa. Najua pia kwamba siku hizi hakuna kimbunga kinachojificha setilaiti zisikione. Lakini kukiona ni jambo moja, kujua nguvu yake ni jambo jingine.

Halafu kuna hii tabia ya kufunga ukurasa kimbunga "kinaposhushwa daraja". Freddy kilizaliwa karibu na Australia Februari 2023, kikavuka Bahari ya Hindi yote, kikaipiga Madagaska, kikaipiga Msumbiji mara mbili, kikadumu siku 36, rekodi ya dunia. Maafa makubwa kuliko yote yaliikuta Malawi, wakati upepo wake ulikuwa umeshapungua. Zilikuwa mvua. Milima ilimomonyoka juu ya nyumba za watu pembezoni mwa Blantyre, na duara la ramani linapima upepo tu.

Wanaotengeneza ramani hizi, nawaomba kando ya kila namba muandike mambo matatu: kituo kilichoitoa, wastani ni wa dakika ngapi, na kama imetoka kwenye ndege au kwenye picha. Mkiweza, ongezeni mvua inayotarajiwa, mpaka bara ndani, siyo pwani peke yake.