Usiulaumu mmea, kagua ukuta

Kila nikiusifia ukuta uliofunikwa majani, hakosi mtu wa kunionya kwamba mmea utaila nyumba. Zamani nilibisha kwa mapenzi tu. Siku hizi nabisha kwa ushahidi, na sehemu ya ushahidi huo ni kosa langu mwenyewe.

Nilipanda mtini tambaazi, ule wenye vijani vidogo vya umbo la moyo, chini ya ukuta uliopakwa rangi. Mwaka wa kwanza ulisinzia. Wa pili ukaanza kupanda, majani yamelala bapa kama yamegandishwa kwa gundi. Na kweli ni gundi: vijizizi vya kwenye shina hutoa utomvu unaokauka ukanata. Kisha matawi ya juu yakakomaa na kubadilika tabia, yakajitenga na ukuta, yakawa magumu, yenye majani makubwa ambayo usingedhani ni ya mmea uleule. Nikaamua kuung'oa. Nilivuta shina likiwa bado bichi. Likaja na rangi na mapande ya plasta, likaacha michirizi ya kahawia iliyoisumbua brashi ya chuma kutwa nzima. Nilipogonga kando ya pale plasta ilipobanduka, ukuta ulilia kama debe tupu. Plasta ilikuwa imeachana na tofali siku nyingi, mtini ulifichua tu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aivi, mmea mwingine upandao kuta kwa vijizizi, inalijua hilo kuliko sisi. Machipukizi yake hukimbia mwanga na kutafuta giza, na ufa ni giza. Mzizi ukishaingia, unanenepa humo humo na kuutanua. Ukuta usio na ufa hauna pa kumpokea mgeni huyo. Kwa hiyo fundi aje kwanza, mche baadaye.

Kosa la pili ni kuchagua kwa ua. Mimi huuliza mmea unapandaje. Bogenvilia, kwa mfano, haishiki ukuta kabisa; ina miiba ya kujiegemeza basi, na ukiiona imesimama wima ujue kuna mtu aliyeifunga kamba. (Hata hayo tunayoyaita maua yake ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati.) Wisteria hujinyonga kwenye chochote inachokipata, na shina lake likinenepa laweza kuukunja mlizamu. Mimea ya namna hii ijengewe fremu imara ya waya, iliyoachana na ukuta kwa sentimita 10 hadi 15, ili hewa ipite na wewe upate pa kuingiza mkono.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile iitwayo aivi ya Boston, ingawa asili yake ni Asia ya Mashariki na ni jamaa ya mzabibu, wala si aivi. Vikono vyake huishia kwenye vidole vyenye ncha bapa, mithili ya miguu ya mjusi kafiri, navyo hujibandika tu juu juu. Kuta za matofali za uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, Chicago, zimevikwa majani yake tangu 1937. Mpira ukizama humo, mpigaji hupewa besi mbili, yaani vituo viwili vya kukimbilia, kisha mchezo unaendelea.

Halafu kuna ubaridi. Majani hulizuia jua kabla halijagusa ukuta, na maji yanayofukizwa nayo huondoka na joto. Weka kiganja kwenye ukuta ulio wazi saa tisa alasiri, kisha kipenyeze nyuma ya majani, utaelewa haraka kuliko nikikueleza.

Mtini nimeupanda tena, ukuta uleule, baada ya plasta kupigwa upya. Mche umekaa sentimita 40 kutoka msingi, maana udongo uliogusana na ukuta huwa mkavu. Siku ya kuuondoa nitaukata shina chini na kuuacha ukauke kwanza. Kwa sasa mkasi unaning'inia nyuma ya mlango, na tawi lolote likikaribia paa kwa urefu wa mkono, napanda ngazi.