Kwetu mkweche, kwao maonyesho

Mzee mmoja wa hapa Shropshire, Uingereza, aliniuliza Jumapili kama "huko kwenu" Tanzania Landrova 109 bado zinatembea. Nikamwambia zinatembea sana, tena zinapanda kutoka Mang'ola na magunia ya vitunguu hadi kwenye keria, abiria wamekaa juu ya vitunguu. Akafurahi. Nikaongeza kwamba nyingi zimeshafungwa injini ya Isuzu au Toyota. Akasawijika kama aliyepokea taarifa ya msiba.

Yalikuwa maonyesho ya magari na pikipiki za zamani, kwenye uwanja wa kriketi wa kimji ambacho ukisinzia kidogo ndani ya basi umeshakipita. Morris Minor zimepangwa mstari, pikipiki za BSA Bantam, Triumph, trekta mbili tatu, na lori la Bedford la kijani ambalo nilitaka kulitafutia utingo wake. Wenyewe wamekaa kwenye viti vya kukunja, wanakula mikate waliyofunga nyumbani. Bwana mmoja anasugua spoku za BSA kwa mswaki. Mswaki, jamani!

Lakini kilichonisimamisha ni karatasi. Karibu kila gari lina karatasi imebandikwa kwenye kioo cha mbele: limetoka kiwandani lini, nani alilinunua, akamuuzia nani, lililala kwenye banda la nani, injini ilifumuliwa mwaka gani. Landrova ya yule mzee ilikuwa na hadi picha ya mkulima wa kwanza kuimiliki, mguu juu ya bampa, mbwa pembeni. Sasa niambie wewe unayesoma hapa: gari unaloendesha leo, kadi yake ina jina lako? Nyumbani Karatu tuna pikapu ambayo kadi inasoma jina la mtu aliyeshazikwa, na aliyetuuzia naye aliuziwa na mtu wa Babati ambaye hakuna anayejua alikohamia. Trafiki wakitusimamisha tunaanza kusimulia ukoo.

Hilo ndilo linaloniuma, wala si pesa. Kwao gari likizeeka linapanda cheo. Hapa Uingereza likishavuka miaka 40, mwenye nalo anaweza kuliombea msamaha wa kodi ya barabara. Kwetu uzee wa gari ni kosa: bandarini kuna ushuru wa uchakavu, na kwa jirani zetu Kenya likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Najua, najua, hizo ni sheria za kuagiza, tusigeuzwe jalala la Japani, na mimi naziunga mkono. Ila tumekwenda mbali zaidi ya sheria. Tumeamini kwamba gari la zamani ni la mtu aliyeshindwa maisha. Mwalimu akiingia shuleni na Peugeot 504, watoto wanacheka. 504 iliyoshinda Safari Rally 1975 na tena 1978! Na kabla yake 404, ambayo Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakiishi hapo hapo Tanzania, walishinda nayo 1966 na 1967 mfululizo. Ukitaka kuiona 404 leo, jaribu kwa mnunuzi wa chuma chakavu, na uwahi kabla haijapanda kwenye mzani.

Majibu yenu nimeshayasikia. "Umepigwa na baridi kidogo tu, unatufundisha." "Wazungu wana hela na muda wa kuchezea." Yule mwenye mswaki ni dereva wa basi mstaafu, na BSA yake aliinunua ikiwa vipande ndani ya maboksi. Si tajiri. Alichonacho ni banda ambalo asubuhi analikuta na kila alichokiacha, na spea anazoagiza kwa posta zikafika. Haya, hapo mmenipata kidogo.

"Na Arusha je? Oktoba 2024 Landrova zilivyofurika kwenye tamasha, hukuona?" Niliona, usiku wa manane kwenye simu, nikashangilia hadi jirani akagonga ukuta. Zile ndizo Landrova: zina vumbi, zina kazi, hazikuletwa juu ya trela kama kadhaa nilizoziona Jumapili. Na fundi wetu wa Karatu, anayechonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu na kuamsha gari lililokaa juu ya mawe tangu enzi za Mkapa, ukimshusha kwenye uwanja ule wa kriketi wangepanga foleni kumwuliza maswali. Yule mzee mwenyewe alikiri hajawahi kufungua gia boksi ya gari lake, huwa analipeleka kwa mtu. Hapo nilitamba, nisiwafiche.

Lakini hizo za Arusha, ngapi zilikuwa na karatasi kiooni? Nani ameandika kwamba hii ilibeba chanjo Loliondo, hii ilikuwa ya misheni, hii imezeekea Mererani kwa wachimbaji? Wenye habari hizo ni madereva wazee, na tunawazika nazo. Hata Nyumbu, gari tulilolibuni wenyewe kule Kibaha kwenye karakana ya jeshi, nikimtajia mwanangu anadhani nazungumzia mnyama wa Serengeti.

"Basi rudi ufungue makumbusho." Hilo nalo nimeshalijaribu kutokea huku huku. Kuna Landrova 109 nyuma ya ofisi moja ya serikali, wa kwetu mnaijua, mwarobaini umeotea pale palipokuwa na injini. Nilimtuma shemeji akaulize bei. Akaambiwa hiyo ni mali ya umma, haiuzwi bila mnada. Mnada lini? Kibali hakijaja. Juzi amepita tena, akakuta milango haipo, wala bonet. Kwa hiyo kibali cha kuuza gari zima hakijaja, ila cha kuuza vipande naona kilishatoka. Aliyenunua milango anitafute, tutaelewana bei. Huo mnada mimi nautafuta mwaka gani?