Usimkabidhi mtu Linux isiyocheza muziki

Mtu akikuachia kompyuta yake uiwekee Ubuntu, aina moja ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, usimrudishie kabla hujahakikisha inacheza nyimbo na video. Wengi huipa Linux nafasi moja tu. Akichomeka fleshi yenye video ya harusi ya dada yake, akaambiwa kodeki (programu ndogo ya kufungua aina fulani ya sauti au video) haipo, kesho yake ataomba arudishiwe Windows, na hutamlaumu.

Ila lawama asiitupie Linux. Watengenezaji wake wameujua ufundi huu zamani. Mradi wa FFmpeg, unaofungua karibu kila aina ya faili, ulianza mwaka 2000. Kilichowafunga mikono ni hataza, yaani haki za kisheria za mvumbuzi zinazomruhusu kudai ada. Fedora, aina nyingine ya Linux inayodhaminiwa na kampuni ya Red Hat ya Marekani, ilikaa miaka na miaka bila kucheza MP3, ikaruhusu mwishoni mwa 2016 hataza zilipokuwa ukingoni mwa kuisha. Kwa H.264, umbo (fomati) la video nyingi za simu, mvutano unaendelea: mwaka 2022 Fedora hiyohiyo iliondoa njia ya kuzifungua kwa nguvu ya kadi ya picha. Inaniuma kwamba mwanafunzi wa Tabora anabebeshwa mzigo wa sheria za Marekani.

Wakati wa kusakinisha Ubuntu kuna kisanduku cha kuongeza kodeki, nacho wengi hukiruka. Kitie tiki, tena ukiwa kwenye Wi-Fi, maana kodeki hupakuliwa, na mwenye kompyuta huenda hana bando la kutosha. Kama ulishapita hapo, sakinisha kifurushi cha ubuntu-restricted-extras, kisha VLC, programu ya kuchezea muziki na video. Jaribu MP3 moja na video moja ya simu, mwenyewe akiona.

Kuhusu tunavyovirekodi wenyewe, nina ombi. Kwaya, mawaidha, mihadhara ya chuo, simulizi za wazee: nakala ya kutunza iwe katika umbo lisilo na ada. Kwa sauti tupu lipo Opus, kiwango huria tangu 2012. Tunalitumia kila siku bila kujua, kwa kuwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus, na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, inaweza kuhifadhi hivyo. Redio nyingi za gari hazilisomi, kweli. Kwa ajili ya hizo toa nakala ya MP3, ambayo tangu 2017 haidaiwi leseni.