Mheshimiwa, shika shilingi kwa ajili ya Mahenge

Nilifundisha Ulanga, mkoani Morogoro, miaka ya kivuko, kabla daraja la Kilombero halijajengwa. Ukitoka Ifakara unavuka mto, gari linaanza kupanda milima, na ukifika Mahenge masikio yameziba na vumbi limekubadilisha rangi. Darasa la tatu nilikuwa na binti mmoja hodari wa hesabu za kichwa. Alipofika darasa la tano, kuandika jina lake kulikuwa kumemshinda.

Dalili ya kwanza haikunitisha hata kidogo. Saa ya uji, kikombe kikishawekwa mbele yake, kichwa kilianza kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama mtu anayepigana na usingizi kanisani. Nikawaambia wenzake wamwamshe. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa kule, akanivuta pembeni: "Mwalimu, huyo hajalala. Amesinzia kichwa."

Jina hilo wenyeji walikuwa nalo kabla madaktari hawajalipata la kwao. Ni kifafa cha aina ya pekee kinachowaanza watoto, wengi wakiwa kati ya miaka 5 na 15. Wapo wanaotikisa kichwa wakiona chakula, wapo wanaoanza wakipigwa na baridi. Baadaye kimo kinasimama, akili inafifia, na kinakuja kifafa kikubwa cha kuanguka. Mahenge kuanguka maana yake mara nyingi ni kuangukia mafiga. Na kwa kuwa wengi waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza, kulikuwa na watu walioogopa hata kumvuta mtoto atoke motoni. Mgonjwa alitengewa sahani yake na kikombe chake. Nimeyaona hayo, na nakiri kwamba wiki za mwanzo nami nilikaa mbali kidogo na yule binti.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge na kuandika juu ya watoto hawa wanaotikisa kichwa. Kwa hiyo ugonjwa huu dunia iliusikia kwanza kutoka kwetu. Sudan Kusini ilifuata katika miaka ya 1990, kisha kaskazini mwa Uganda, Kitgum na Pader. Lakini fedha za kuuchunguza, kwa sehemu kubwa, zimetoka ng'ambo. Watafiti wetu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wamefanya kazi nzuri sana vijijini, ila mara nyingi mfadhili amekuwa Ulaya. Mfadhili akibadili kipaumbele, daftari linafungwa.

Hapa ndipo ninapowataka wabunge.

Najua jibu lililo tayari: tuna malaria, tuna kifua kikuu, tuna akina mama wanaofia leba, huo ugonjwa wa watoto wachache wa milimani utasubiri. Ni hoja ya mtu mwenye busara na siidharau. Ila tuangalie utafiti umeshatupa nini. Mwaka 2017 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Mahenge. Katika vijiji vya mbali na mji walikuta kifafa kwa watu 35 kati ya kila 1,000, na katika vijiji vilivyo karibu na mji walikuta 15. Tofauti hiyo inaelekeza mtoni, kwenye maji yaendayo kasi ambako usubi hutaga mayai. Usubi ndiye mdudu anayeeneza minyoo inayowasha ngozi na kupofusha macho, na ushahidi umezidi kuonyesha kwamba minyoo hiyo hiyo inahusika na kifafa hiki. Mwaka huo huo wa 2017 wanasayansi waliokuwa wakichunguza wagonjwa wa Uganda walieleza njia moja inayowezekana: kinga ya mwili inapigana na mnyoo, kisha inageuka kushambulia ubongo wa mtoto.

Uganda haikungoja mpaka kila kitu kijulikane. Kuanzia mwaka 2012 ilipulizia dawa mito yenye usubi na kugawa ivermectin, dawa ya minyoo hiyo, mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja. Wagonjwa wapya wakakoma kuonekana. Ugonjwa ulioaminika kuwa laana ulizuilika kwa dawa ya mto na vidonge ambavyo kampuni inavitoa bure tangu 1987. Kwetu Mahenge kugawa mara mbili kulianza 2019, na hiyo pia ni kazi ya watafiti waliosema wazi kwamba mara moja haitoshi.

Yamebaki maswali, na haya ni ya kwetu kujibu. Ivermectin inaua watoto wa mnyoo, ila mnyoo mkubwa haiuui, naye anaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10. Mgawa dawa anapita na fimbo yake ya kupimia urefu, na mtoto asiyefika alama ya sentimita 90 harukwi na usubi ila anarukwa na kingatiba, yaani hapewi vidonge. Je, huyo ndiye anayekuja kusinzia kichwa baadaye? Walioacha kumeza vidonge waliacha kwa nini? Na aliyekwisha kuugua, dawa ipi ya kifafa inamfaa zaidi, na itafikaje zahanati bila kukatika katikati ya mwezi? Hakuna kiwanda cha dawa kitakacholipia majibu hayo, maana wagonjwa hawa ni wachache na mifukoni hawana kitu.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo lilikuwa ikisaidia vita dhidi ya magonjwa haya yasiyopewa kipaumbele, ugonjwa wa usubi ukiwemo. Anayedhani tutaendelea kuazima pochi ya jirani hajasoma gazeti.

Ombi langu ni dogo na lina mahali pake katika Kanuni za Bunge. Bajeti ya Wizara ya Afya ikifika Kamati ya Matumizi, kwenye mshahara wa Waziri, mbunge mmoja asimame na kusema anashika shilingi, yaani anazuia shilingi moja ya mshahara huo, mpaka aelezwe ni kiasi gani cha fedha zetu wenyewe kimetengwa kwa utafiti wa kifafa kinachotokana na usubi, na kiko kwenye kifungu gani. Shilingi moja tu. Tumeona ikishikwa kwa ajili ya barabara, visima na korosho, na mawaziri wakapata majibu hapo hapo. Mbunge huyo si lazima atoke Ulanga. Ingependeza zaidi asitoke Ulanga, maana wa Ulanga ataambiwa anapigania kura.

Bajeti hiyo husomwa kabla ya mwisho wa Juni, kwa hiyo muda upo, ila si mwingi. Mbunge wangu nimeshamwandikia ujumbe wa WhatsApp, kwa adabu zote, nikianza na "Shikamoo Mheshimiwa" ingawa nimemzidi umri. Tiki mbili za buluu zipo tangu Jumatano.